Pai Yao na Pai Yetu

Tangu mwaka 1988, mwanafizikia Larry Shaw alipoianzisha katika jumba la sayansi la Exploratorium, San Francisco, Siku ya Pai husherehekewa Machi 14, kwa kuwa Wamarekani wakiandika tarehe hutanguliza mwezi: 3/14. Sisi tunaotanguliza siku huandika 14/3, na hapo pai huioni hata ukiitafuta kwa tochi. Mtetezi atasema UNESCO iliitangaza tarehe hiyo mwaka 2019 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati, tena ndiyo aliyozaliwa Einstein. Sawa, ila Einstein alizaliwa Ulm, Ujerumani, ambako nako siku hutangulia mwezi.

Mwanafunzi wa kwetu, aliyekesha akikokotoa eneo la duara kwa 22/7, sikukuu yake anayo tayari: Julai 22. Wala si ya kujifariji. 22 ukigawanya kwa 7 unapata 3.1428, iliyo karibu zaidi na pai halisi, 3.14159, kuliko 3.14 yao. Utasema sherehe ni sherehe, ya nini kubishania desimali? Lakini wanahisabati wakishangilia makadirio mabaya zaidi, mwalimu atapata wapi uso wa kumkata mtoto alama? Basi tukutane Julai 22, na keki iwe ya duara.