Jinsi ya Kujua Miti ya Nyeri Bila Kumchosha Guka

Vitabu vya wageni vinashauri miti isomwe Julai, jua likiwaka. Julai ya Nyeri ni ukungu, sweta mbili na chai ya tangawizi; Mlima Kenya wenyewe unaweza kujificha wiki nzima. Ngoja Januari, au ongeza sweta ya tatu uanze hivyo hivyo.

Anzia shambani, kando ya kahawa. Onyesha kwa mkono na useme kwa sauti: "Hii ndiyo miti ya mababu zetu." Hapo utakuwa umeonyesha mukima, mkaratusi na muthanduku, na yote mitatu asili yake ni Australia. Usione haya. Nusu ya kijiji wangeapa pamoja nawe.

Sasa nenda msituni utafute muiri. Ponda jani, unuse: harufu ya lozi. Ni sayanidi, kwa hiyo pua inatosha, meno yapumzike. Gome lake husafirishwa kutibu tezi dume za wazee wa Ulaya, na tangu 1995 biashara yake inasimamiwa na mkataba wa kimataifa. Ukikuta mti umevuliwa gome kuzunguka shina lote, huna haja ya jani. Ni muiri, na unakufa.

Mugumo hauhitaji ujuzi, unahitaji subira. Ndege hula tunda, hunya mbegu kwenye tawi la mti mwingine, na mche huanza maisha huko juu kama mpwa aliyekuja kulala usiku mmoja. Mizizi hushuka, humkumbatia mwenyeji, na baada ya miaka mwenyeji hayupo. Hata hivyo hakuna mti unaoheshimiwa kuliko huu. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, alikatazwa na mamake kuokota kuni za mugumo. Ukubwani ndipo alipoelewa kwamba mizizi ile ilishika udongo na kulinda chemchemi. Wazungu nao waliuheshimu kwa namna yao: mwaka 1932 walijenga hoteli ya Treetops juu ya mugumo kule Aberdare, na mwaka 1954 Mau Mau wakaichoma.

Ikolojia utaisoma bure ukikaa dirishani kwenye matatu ya Karatina kwenda Nanyuki. Mvua hutoka bahari ya Hindi, ikajimwaga upande wa pili wa mlima, Chuka na Embu, kwenye miti mirefu ya muthaiti. Ukipita Naro Moru yamebaki makombo, na wenye kuyavumilia ni mutarakwa na mutamaiyu.

Ukishindwa kabisa, nenda kwa guka, yaani babu. Nilimpelekea wangu majani kumi na mawili ndani ya daftari. Hakulifungua. Alinishika mkono hadi kwenye ua, akagonga nguzo nyeusi ambayo imewashinda mchwa tangu kabla sijazaliwa.

"Mutarakwa," akasema. "Anza na huu, hauendi mahali."