Fisi wa Ngitili

Wanyama wa ngitili moja, malisho yaliyotengwa kule Nkololo, wilayani Bariadi, walikuwa na boma la kujivunia. Walilizungushia miba ya migunga tabaka tatu, na usiku sungusungu walilinda kwa zamu, filimbi mdomoni, kama babu zao walivyoanza miaka ya 1980. Fisi alizunguka nje mpaka kucha zikasagika.

Ikafika Mei, msimu wa pamba ukafunguliwa, na mwaka huo chama cha msingi kikalipa kwa simu. Fisi akakaa kivulini akawaza: kama mali siku hizi inalala ndani ya simu, nihangaike na miba ya nini?

Alianzia kwa Ngedere, wakala wa laini mwenye mwavuli pale gulioni. Panya alipokwenda kusajili laini yake, Ngedere alimwambia, "Haijashika, bonyeza kidole tena." Panya akabonyeza. Akaondoka na laini moja. Ya pili, yenye jina lake Panya, ikabaki kwa Fisi.

Fisi akaandikia kila namba iliyomjia kichwani: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja Panya." Bila salamu, bila kutaja deni gani. Huo ndio ufundi wake. Wengi walicheka wakafuta. Punda, aliyekuwa amemwahidi mwenye duka pesa yake asubuhi ileile, hakucheka. Alituma, tena na ya kutolea.

Kanga alipigiwa kabisa. "Mwangaluka, mayu. Hapa ni huduma kwa wateja. Kuna wezi wanajaribu kuingia kwenye akaunti yako. Namba sita zimeingia kwenye simu yako sasa hivi, nisomee haraka nizibe." Kanga aliogopa wezi kuliko mnyama yeyote pale bomani, kwa hiyo akasoma, moja moja, kwa sauti. Kufikia mchana Fisi alikuwa ndani ya WhatsApp yake, kwenye kundi la vikoba na la kamati ya harusi, akiomba akopeshwe mpaka jioni. Wakamkopesha. Nani amnyime Kanga?

Twiga mwenyekiti akaitisha mkutano chini ya mkwaju. Akauliza aliyetapeliwa asimame. Kimya. Punda akasema kuna rafiki yake mmoja. Kanga naye alikuwa na rafiki. Twiga, ambaye pesa yake yote ya pamba ilikuwa imeondoka juma lililopita, na mkewe akaambiwa bei imeshuka, akatikisa shingo ndefu kuwasikitikia marafiki hao wote.

Bibi Kobe akaomba nafasi. "Banamhala, mkificha jeraha, mwenzenu atajuaje mtego uko wapi? Namba ya siri na namba za kuthibitisha hasomewi mtu, hata akijiita nani. Mtandao wa kweli unapigiwa kwa 100. Ujumbe wa tapeli, pamoja na namba yake, unapelekwa 15040. Wewe Panya, bonyeza *106# uone ni laini ngapi zina jina lako. Na ukiambiwa utume pesa, mpigie mwenyewe kwanza kwa namba uliyoizoea, umsikie."

"Ahsante sana, Bibi, tumekusikia," alisema Twiga, na wote wakapiga makofi kwa heshima ya umri wake. Panya peke yake ndiye aliyetoa simu, lakini salio la kupiga hakuwa nalo, na hakuna aliyemwambia kwamba kuhakiki ni bure.

Kisha Twiga akatoa hoja: boma liongezwe kimo, dhiraa moja. Hoja ikapita bila kupingwa. Kila kaya itoe shilingi 2,000 za miba, zitumwe kwa simu ya mwenyekiti kabla ya jua kuzama.

Mkutano haujatawanyika, simu zikalia zote kwa pamoja: "Ule mchango wa miba tuma kwenye namba hii, ya mwenyekiti ina shida. Jina litakuja Panya."

Punda ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuma. Wa pili alikuwa Twiga.