Jinsi ya Kushiriki Mbio za Erzberg Ukiwa na Kitambi

Mbio za Erzbergrodeo hazikudai uwe mwanariadha. Zinadai ada ya usajili, na uwahi, maana nafasi 1,500 hugombaniwa. Hakuna atakayekupandisha kwenye mizani getini, wala atakayekuambia ukimbie kutoka hema moja hadi jingine aone kama pumzi ipo. Watu wengi wenye mwili wa kutosha wamejinyima raha hii kwa kudhani kuna mchujo wa afya. Mchujo upo kweli, ila anayeufanya ni mlima.

Mlima wenyewe uko Austria, jimbo la Steiermark, juu ya mji mdogo wa Eisenerz. Ni mgodi wa chuma wa wazi. Wameuchimba mpaka umebaki ngazi tupu toka chini hadi juu, kila ngazi ikiwa na ukuta wake wa mawe mekundu ambayo malori ya mgodi huyapanda kwa kuzunguka. Tangu 1995, mara moja kwa mwaka, pikipiki zinaachiwa uwanja kwa siku nne. Ijumaa na Jumamosi ni mbio za mchujo kwenye barabara za malori. Jumapili, wale 500 waliotumia muda mfupi zaidi huingia kwenye kazi yenyewe: kilomita 35 hivi za korongo, msitu na mawe, ndani ya saa nne. Wanaofika mwisho ni wachache mno.

Hapo ndipo penye matumaini yako. Kijana aliyeamka alfajiri mwaka mzima, akakimbia, akanyanyua vyuma, akaacha soda na chipsi, ana kila dalili ya kuishia kwenye orodha ileile ya wasiomaliza utakayoishia wewe uliyekuwa umelala. Mtapishana kilomita chache tu, na kilomita hazionekani kwenye picha.

Tuanze na maandalizi. Mazoezi ni jambo jema na hakuna atakayekuzuia, ila yana kasoro moja: siku zote huanza kesho. Manunuzi huanza leo. Tafuta pikipiki ya cc 300, ya zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli. Wengi pale hupanda hizo kwa sababu ni nyepesi, kilo mia na kidogo, na zina nguvu hata injini ikiwa inazunguka taratibu. Ukishaipata, endelea kuipunguza uzito. Ng'oa ekzosi iliyokuja nayo, funga ya titani. Utakuwa umeokoa kama kilo moja kwa pesa ya karo ya muhula mzima. Badilisha na bolti, moja baada ya nyingine. Fundi akitazama bolti, kisha akatazama tumbo lako, kisha akatazama tena bolti, mwambie haya ni mambo ya kitaalamu.

Kwenye tairi, fikiri mara mbili. Watu wa Erzberg hawatii tyubu. Hutia mousse, sponji nene ya mviringo inayojaza tairi lote na isiyojua pancha ni nini. Muuzaji atakusifia sana. Asichokwambia ni kwamba pancha ndiyo kisingizio chenye heshima kuliko vyote alivyowahi kuwa navyo mwendesha pikipiki, na siku unayofunga mousse umekitupa kwa mikono yako mwenyewe. Utabaki na radieta na klachi, na hivyo viwili tutavihitaji baadaye, kwa hiyo usivichezee.

Nunua pia mfuko wa maji wa kubeba mgongoni, ule wenye mrija unaofika mdomoni. Lita tatu ni kilo tatu, yaani ile ekzosi ya titani imeshaliwa na maji na bado unadaiwa kilo mbili. Beba hivyohivyo, na unywe kabla kiu haijafika. Hilo halina kejeli ndani yake. Nenda na kapime presha kabla hujalipa ada, maana habari mbaya ni nafuu uipate kwa daktari kuliko kuipata kutoka kifuani mwako ukiwa katikati ya mawe.

Jambo la mwisho la kujifunza nyumbani ni kuvaa buti. Utacheka, lakini hizi si viatu vya kanisani. Ni ndefu hadi karibu na goti, ngumu kama zimechongwa, na vifungo vyake viko upande wa nje, chini, mahali ambapo mtu mwenye tumbo hufika kwa kubahatisha. Makocha wana kanuni ya haraka ya kukadiria kikomo cha mapigo ya moyo: 220 toa umri wako. Mwenye miaka 45 kikomo chake ni 175. Utakifikia kwenye kifungo cha tatu cha buti ya kushoto. Huo ndio mwili kupata moto, na makocha hutoza pesa kwa jambo hilo.

Mchujo wa Ijumaa na Jumamosi ni rafiki mkubwa wa mtu mnene, na ndiyo hatari yake. Barabara za mgodi ni pana, zina kokoto iliyoshindiliwa na malori, na safari nzima ni kilomita kumi na tatu hivi. Hakuna kusukuma wala kubeba, ni kufungua mafuta tu na kuomba Mungu kwenye kona, kwa sababu ng'ambo ya kona ni hewa. Utawakuta waliokuja na skuta, na pikipiki kubwa za safari zenye uzito wa ng'ombe, na wengine wamevaa mavazi ya kuchekesha. Unaruhusiwa kukimbia siku zote mbili na kuhesabiwa muda ulio bora. Mwenye akili timamu hapa huharibu kidogo. Akiwa wa 501 ameshinda kila kitu: ameshiriki, ana namba ya kifuani, ana vumbi jekundu usoni, na Jumapili atakaa kivulini na soseji ya Kiaustria mkononi akiwaonea huruma wenzake. Usiku hutalala, maana mahemani kuna wanaovumisha injini hadi alfajiri, lakini si hoja kama kesho huna kazi.

Mwongozo huu unaendelea kwa ajili ya wale ambao, kwa bahati mbaya, wamo kwenye 500.

Jumapili mnapangwa chini ya korongo kwa mistari ya watu hamsini hamsini. Mstari wa mbele ni wa mabingwa, kila mmoja mkavu kama ubao. Wako ni wa kumi. Usisikitike. Mstari wa kwanza unakuta mlima mtupu na unalazimika kuupanda. Wewe utakuta foleni. Kuna kilima cha mwanzoni kinachoitwa Wasserleitung, kimesimama kama ukuta, na kufikia zamu yako kitakuwa kimejaa watu waliokwama, walioteleza, waliolala chali na wanaotafuta pikipiki zao chini. Hakuna mwenye kitambi aliyewahi kupewa zawadi kubwa kuliko foleni. Zima injini, vua miwani, kunywa maji, tikisa kichwa kwa masikitiko kama mtu ambaye angekuwa mbali sana kama si hawa. Mkazi wa mji wowote mkubwa wa kwetu ana uzoefu wa miaka katika hili.

Foleni nayo huisha, na utaanguka. Tuliangalie anguko kwa karibu, kwa sababu ndilo utakalolifanya zaidi ya kuendesha. Pikipiki huanguka upande wa bondeni, siku zote. Usukani uko chini ya usawa wa magurudumu, kwa hiyo kuinua kilo mia ni kuinua kilo mia kutoka shimoni. Unachuchumaa, tumbo linakuzuia kufika chini. Unapiga goti, kokoto inateleza, goti linakwenda. Unashika mpini wa usukani kwa mkono mmoja na tairi la nyuma kwa mwingine, unavuta, pikipiki inainuka hadi usawa wa paja, inafikiria, inarudi ilikotoka. Sasa ekzosi ya titani imegusa suruali na unanuka nailoni. Kosa la wapya ni kujaribu tena palepale. Aliyekomaa huizungusha kwanza ikiwa imelala, tairi la mbele likaelekea bondeni, halafu huinua kile ambacho mlima wenyewe unataka kukisukuma. Aliyekomaa zaidi hukaa juu yake na kungoja mtu mwembamba apite.

Baada ya mara kadhaa za hivyo, mikono itakataa. Misuli ya kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono hujaa damu, ngozi inakaza, vidole vinakuwa ndizi: unaviamuru vivute klachi vinakutazama tu. Hata mabingwa hupatwa, na chanzo chake kikubwa ni kuung'ang'ania usukani kwa woga. Dawa ni kusimama juu ya vikanyagio, kubana tangi kwa magoti na kulegeza mikono. Hayo yanahitaji mapaja, na mapaja yanahitaji mazoezi, kwa hiyo tuendelee.

Tukiwa hapohapo kwenye ustadi, kuna jina ambalo hupaswi kulitaja mbele ya watu: Graham Jarvis. Mwingereza huyu alishinda Erzberg mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 44. Alitokea kwenye mchezo wa trial, ambako watu huvuka miamba polepole bila kugusa mguu chini, na hupanda kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Husimama, hutazama, huchagua jiwe, kisha hupita mara moja pale wenzake wanaponguruma mara tano. Mtu mzito angefaidika mno kumwiga, kwa kuwa kila jaribio lisilofanyika ni pumzi iliyobaki kifuani. Ubaya wake ni kwamba amekiua kisingizio cha umri.

Tuseme umefika Carl's Dinner. Huwezi kufika, lakini tuseme. Ni bonde la mawe na mawe tu, mengine makubwa kama friji, yamemwagwa bila mpango, na njia inapita juu yao kwa umbali unaotia uchungu. Hapa jua linapiga, na pikipiki inayokwama haipati upepo, kwa hiyo radieta huchemka na kutoa mvuke. Ndiyo sababu niliomba usiichezee. Mvuke ukitoka, shuka upesi kwa sura ya mtu mwenye huruma na chombo chake na useme kwa sauti kwamba injini lazima ipoe. Watazamaji watakuelewa. Klachi nayo ikianza kunuka, una dakika kumi nyingine.

Kama huna cha kusingizia, anzisha ushirika. Mfano wake uko juu kabisa. Mwaka 2015 waliokuwa mbele, Jarvis, Jonny Walker, Alfredo Gómez na Andreas Lettenbichler, walinasa kwenye sehemu iitwayo Downtown, ambako watu wa pembeni hawakuruhusiwa kusaidia. Wakaacha kushindana, wakavutana pikipiki moja moja hadi juu, wakavuka mstari pamoja, na wote wanne wakatangazwa washindi. Kwa hiyo ukimwomba mwenzako akushikie tairi la mbele hujiaibishi, unafuata desturi ya mabingwa. Chagua mwenzako vizuri: awe mwembamba, awe mpole, na awe hajakuona ulivyokwepa kumsaidia aliyetangulia. Halafu Lettenbichler ana mtoto, Manuel, ambaye alianza kulitwaa taji la Erzberg mwaka 2022. Pengine hiyo ndiyo njia ya uhakika zaidi kwa mwenye kitambi: zaa, mnunulie pikipiki ndogo, kaa kitini ungoje.

Saa nne zikitimia utakuwa umekaa juu ya jiwe mahali fulani, na mtu mwenye fulana ya kazi atakuonyesha njia ya kushukia. Usihuzunike, maana kazi tamu ndiyo inaanza. Asiyemaliza hafutwi kwenye matokeo. Njia nzima ina vituo vya ukaguzi, na unapangwa kulingana na kituo cha mwisho ulichokifikia. Una nafasi, kwa namba, kwenye karatasi rasmi.

Basi nyumbani wakikuuliza kama ulimaliza, usilijibu swali hilo. Sema ulishika nafasi ya mia nne na kitu. Wakiuliza kati ya wangapi, sema 1,500, maana ndio walioandikishwa na hakuna uongo. Mjomba atapiga meza kwa furaha, na shemeji ataomba picha. Wa kumwogopa ni mmoja tu, na ukimwona anakaribia badilisha mazungumzo: kijana wa bodaboda wa pale njiapanda. Huyo hupanda kilima cha utelezi masika nzima kwa tairi zilizokwisha, amepakia mama mjamzito na begi lake, na hufika. Atakusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, atakusifu, halafu atakuuliza abiria walikuwa wanalipa shilingi ngapi mpaka juu. Na wewe itabidi umweleze kwamba aliyelipa ni wewe.