Jinsi ya Kuhudhuria Kongamano la Kompyuta na Kurudi Kama Ulivyokwenda

Kwanza uelewe kwamba hakuna posho. Najua hili litakuuma, hasa kama umekulia kwenye semina zetu za hotelini, zile ambazo fomu ya mahudhurio inazunguka kabla ya mada na watu wanagombea kalamu. Kwenye kongamano la utafiti wa kompyuta anayelipa ni wewe. Unalipa ada ya usajili, unalipa nauli, unalipa malazi, halafu unasimama saa mbili mbele ya bango lako ukijibu maswali ya watu ambao hawajakununulia hata soda. Wajomba wakiuliza safari hiyo ina faida gani, waambie ni mambo ya kitaaluma, kisha ugeuze mazungumzo.

Wenzetu wa fani nyingi huchapisha kwenye majarida, na kongamano kwao ni mahali pa kusalimiana. Kwenye kompyuta kongamano lenyewe ndilo jarida. Unatuma makala nzima, wahakiki usiowajua wanaichambua, mmoja wao lazima awe na roho mbaya, na kwenye makongamano makubwa kama NeurIPS hupita takriban moja katika kila makala nne. Ndiyo maana barua ya kukubaliwa ikiingia saa tisa usiku, hosteli nzima huamka. Shangilia, ni haki yako. Kisha amini kwamba kazi imekwisha na kilichobaki ni viza tu.

Kuhusu viza mwongozo ni mfupi: zaliwa kwingine. Kama kwa hilo umeshachelewa, andaa barua ya mwaliko, barua ya chuo, barua ya msimamizi wako na taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Ofisa atafungua hiyo ya benki kwanza. Atakuta bumu, yaani mkopo wa chuo, limeingia Jumatatu na Jumatano halipo, atajiuliza mtu wa namna hii atarudi kwao kufanya nini. Swali lake halina adabu, lakini hesabu zake ziko sawa. Na usijidhanie una mkosi wa peke yako. NeurIPS ilipofanyika Montréal mwaka 2018, watafiti wengi wa Kiafrika walinyimwa viza za Kanada, wakiwemo waliokuwa na mialiko mkononi. Mwaka 2019 ikahamia Vancouver, na mambo yakawa yaleyale. Mwaka huo wa Montréal tiketi zenyewe ziliisha kwa muda usiofika dakika 12, kwa hiyo kuna watu walionyimwa na ubalozi na kuna walionyimwa na bando.

Njia nyingine ni kusubiri kongamano likufuate. Kongamano jingine kubwa, ICLR, lilipangiwa Addis Ababa mwaka 2020, kwa sehemu kwa sababu ya matatizo hayohayo ya viza, Korona ikalihamishia mtandaoni. Mei 2023 likafanyika Kigali, na mabingwa tuliozoea kuona majina yao juu ya makala wakaonekana nyuma ya pikipiki, wamevaa kofia ngumu, wamemshika dereva kiuno. Kuna pia Deep Learning Indaba, iliyoanzia Johannesburg mwaka 2017, ikaja Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2019 na kufika Kigali mwaka 2025. Mtanzania haombi viza ya Rwanda. Anahitaji pasipoti, nauli ya basi, na mgongo utakaovumilia mpaka Rusumo. Lakini Kigali hakuna theluji ya kupigia picha, kwa hiyo fikiria vizuri.

Sasa fedha. Makongamano mengi yana ufadhili wa safari kwa wanafunzi, na mengi huchukua wanafunzi wa kujitolea: unasimama mlangoni, unazungusha kipaza sauti, ada unasamehewa. Mwongozo huu unakushauri usiombe. Fomu ina maswali mengi, na sisi ni watu wa heshima zetu, hatupendi kuonekana tuna shida. Hata ukiomba ukapata, soma yale maandishi ya chini. Mara nyingi fedha hurudishwa baada ya safari, kwa stakabadhi. Yaani mfadhili anamsaidia mwanafunzi asiye na hela kwa sharti kwamba kwanza awe nazo. Kati ya siku ya kulipa na siku ya kurudishiwa hupita miezi, na muda wote huo mfadhili wako wa kweli ni shangazi yako wa Tabata, ambaye hatatajwa kwenye ukurasa wa shukrani.

Halafu bango. Ukubwa unaotakiwa aghalabu ni A0, milimita 841 kwa 1189. Fundi wa mabango Kariakoo hana habari na A0. Yeye anajua futi, na anajua sendofu, kipaimara na kampeni za udiwani. Atafungua faili lako, atalishusha, atalipandisha, kisha atauliza, "Sasa mdogo wangu, picha yako tunaiweka wapi?" Ukimwambia picha haipo, kuna grafu, atakutazama kwa huruma na kupendekeza maua kwenye kona, angalau. Kabla ya kubonyeza kitufe atakwambia jambo moja zaidi: "Haya maandishi ni madogo, mtu hayasomi akiwa amesimama." Huyo ndiye mhakiki mwaminifu kuliko wote utakaokutana nao mwaka huu, na hakuombi zaidi ya hela ya kazi yake. Mpuuze. Bandika makala yote kama ilivyo, aya kwa aya, milinganyo yote, marejeo yote, kwa herufi za ile karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Mtu akitaka kuelewa ulichofanya, asogee.

Ukifika utavishwa beji shingoni. Hapo utagundua kwamba watu hawakuangalii usoni. Macho yanashuka kifuani, yanasoma jina la chuo, halafu ama yanapanda na tabasamu ama yanapita kwenda kwa aliye nyuma yako. Wenye beji za makampuni makubwa hawamalizi hatua tatu bila kusimamishwa. Usihangaike na mashindano hayo. Tafuta Watanzania wenzako mapema, kaeni meza moja asubuhi, mchana na jioni, mjadili Simba na Yanga, mlalamikie chakula kisicho na pilipili. Mtakuwa mmevuka bahari mbili kwenda kukaa kijiwe cha Mwenge, ila nauli ndiyo haikuwa ya daladala.

Ratiba nayo itakuchanganya, maana mada zinakwenda kwa pamoja kwenye kumbi kadhaa. Hudhuria zote unazoweza. Mihadhara mingi hurekodiwa na makala zenyewe zipo mtandaoni bure. Kisichorekodiwa ni maongezi ya korido na ya foleni ya kahawa, ambako mtu anakwambia kwamba njia ile iliyosifiwa asubuhi yeye aliijaribu mwezi mzima ikagoma, na sababu ni hii. Kwa hiyo wewe baki ukumbini, safu ya nyuma, karibu na soketi, ukisikiliza kitu ambacho ungekisikiliza ukiwa kitandani kwako Mabibo.

Ukipata kipaza sauti, usiharakishe. Mshukuru mwenyekiti kwa kukupa fursa hii adhimu. Itifaki izingatiwe. Mpongeze mtoa mada kwa mada nzuri. Kisha tamka kwamba huna swali, una mchango. Mchango uwe na sehemu tatu, na ya tatu ianze mwenyekiti anapokwisha kuangalia saa. Ukumbi mzima utakukumbuka, ingawa si kwa namna unayoitarajia.

Zamu ya bango lako ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu hapo mtu anaweza kukusaidia. Tuseme umetengeneza mfumo wa kutambua sauti ya Kiswahili. Nusu saa ya kwanza wanapita wanaotafuta choo. Halafu anasimama mama mmoja wa makamo, amevaa ndala za ngozi, beji yake imegeuka nyuma hivyo hujui ni nani. Anasoma kimya. Ananyoosha kidole kwenye jedwali la pili. Anauliza: "Wasemaji wako wote ni wa Dar na Unguja. Ukimpa mtu wa Lubumbashi, makosa yanaongezeka kwa kiasi gani?"

Hujapima. Halikukupitia hata kichwani, na msimamizi wako hakukuuliza, na wahakiki wote hawakuuliza. Shingo inapata joto. Sasa fuata mwongozo: sema "hilo tumeliacha kwa kazi zijazo," toa simu mfukoni, itazame kana kwamba umepigiwa na Ikulu, subiri aondoke. Chonde chonde usiseme, "Sijapima, lakini ni swali zuri. Naomba anwani yako, nikipima nikutumie majibu." Sentensi hiyo huzaa barua pepe, barua pepe huzaa data ya wasemaji wa Katanga, data huzaa makala ya pili. Masakhane, mtandao wa watafiti wa lugha za Kiafrika, ulitoa mwaka 2020 makala kuhusu tafsiri ya mashine yenye waandishi zaidi ya arobaini kutoka pande nyingi za bara hili. Ukijitahidi kuwakwepa watu, jina lako halitaingia kamwe kwenye orodha ya namna hiyo.

Na huyo mama, usigeuze beji yake usome. Utakuja kumwona kesho yake jukwaani.

Muda uliobaki uupeleke kwenye vibanda vya makampuni. Hapa, tuseme ukweli, ndipo mwanafunzi wa Afrika Mashariki anapong'aa. Wanagawa fulana, soksi, kalamu, chupa za maji na stika. Pita mara moja ukiwa na koti, rudi bila koti. Kijana wa kibandani atakuuliza kama ungependa mafunzo ya vitendo kwenye kampuni yao majira yajayo ya kiangazi. Mwambie utafikiria, kisha uulize kama kuna fulana ya ukubwa wa mjomba. Nyumbani hakuna atakayeuliza makosa ya mfumo wako yamepungua kwa asilimia ngapi. Watauliza umewaletea nini.

Ukirudi, weka picha kumi mtandaoni, tisa kati yake ukiwa mbele ya nembo ya kongamano, na ya kumi ukiwa uwanja wa ndege unatazama dirishani kwa fikra nzito. Msimamizi akikuomba uwaeleze wenzako wa idara ulichojifunza, mjibu "mengi sana, Prof," umkabidhi kalamu. Wale wa mwaka wa pili ambao hawajawahi hata kuona barua ya wahakiki inafananaje, waache waje kugundua wenyewe. Ukiwaonyesha yako, pamoja na ile fomu ya ufadhili uliyoijaza, mwakani mtajikuta mko wanne kwenye ndege moja, na beji itakosa maana.

Kama baada ya haya yote bado unataka kwenda vibaya, yaani kwenda na kurudi mtu mwingine, basi jua hili. Mara nyingi dirisha la kutuma makala hufungwa saa 5:59 usiku kwa saa za AoE (Anywhere on Earth). Hizo ndizo saa za Howland na Baker, visiwa viwili vya Pasifiki visivyokaliwa na mtu, na hapa Dar es Salaam inakuwa saa 8:59 mchana wa siku inayofuata. Tuma asubuhi, umeme ukiwa bado upo.