Taa ya Njano Barabara ya Kasapa

Waheshimiwa wenye magari yaliyoshuka bandarini Dar es Salaam, yakapenya Zambia hadi mpakani Kasumbalesa, na leo yanapanda barabara ya Kasapa hapa Lubumbashi yakiwa na usukani wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia, hongereni. Baadhi yenu mmenunua kompyuta ya kuzuia gari lisiteleze bila kujua.

Kazi yake si uchawi. Inapima mwendo wa kila gurudumu na pembe ya usukani. Mkia wa gari ukitaka kuitangulia pua, inashika breki ya gurudumu moja na kupunguza nguvu za injini. Mercedes A-Class ilipinduka Sweden mwaka 1997 katika jaribio la kukwepa kizuizi cha ghafla, ndipo wakubwa wa Mercedes wakaifunga kompyuta hiyo kwenye kila A-Class. Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa magari mapya yote tangu 2014.

Kwetu, mvua ya Desemba inalainisha udongo mwekundu kando ya lami, taa ya njano ya kompyuta hiyo inawaka kwenye dashibodi, na fundi anaitibu kwa kuibandika utepe mweusi. "Patroni, ile shida iliisha!" Matairi nayo yana kipara cha kumtosha chifu mzee. Kompyuta itabana breki, lakini mpira huo utashika nini?

Msaidizi pekee asiyeharibika ni abiria wa mbele kushoto, anayechungulia lori linalokuja na kuamuru: "Pita!" Halipwi, na nauli anatoa.

Bandueni utepe, mnunue matairi.