Ombi la Familia Kutambuliwa kuwa Mtambo wa Upepo

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi Inayohusika na Barabara,

MINT: OMBI LA KUANDIKISHWA KAMA MTAMBO

Pokea salamu za familia ya watu watano, hema moja na tairi mbili za akiba ambazo sasa zimekwisha akiba.

Tumerudi salama kutoka Ziwa Turkana, tulikokwenda kupiga kambi na watoto wakati wa likizo. Muungwana haombi kabla ya kushukuru, kwa hivyo asante kwa lami ya Isiolo hadi Laisamis. Nyanya ya watoto aliisifu kwa kukoroma. Tulipoiacha lami kuelekea South Horr, tulikuta barabara ya changarawe pana ajabu. Nikasema, "Baba Watoto, kumbe tunajaliwa!" Mume wangu, ambaye husoma gazeti hadi matangazo ya vifo, akanijibu, "Hii haikutengenezewa wewe."

Kweli bwana. Kiasi cha kilomita 208 kutoka Laisamis zilikarabatiwa ili malori yaliyotoka bandari ya Mombasa yafikishe mitambo 365 ya upepo bila panga hata moja kukwaruzwa. Wahenga walisema penye nia pana njia. Sarima, iliposimamishwa mitambo hiyo, palikuwa na nia ya megawati 310, njia ikapatikana. Huko mbele wanakoishi watu tu, nia ingali inatafutwa.

Maana baada ya mitambo, Mheshimiwa, ni mawe: mawe meusi ya volkeno, makali, yasiyo na adabu kwa tairi. Kwenye kila mteremko nyanya alishuka, akisema imani yake iko miguuni. Pancha ya pili ilitukuta juani mchana. Akaja kijana mchungaji wa Kiturkana, akashika spana bila kuombwa, kisha akauliza kama tuna maji. Nikamwambia yapo kidogo, nikamnyooshea chupa. Akakataa, alikuwa anatuulizia sisi.

Loiyangalani tulifika jioni. Upepo unaopenya kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru ulikuwa umetutangulia. Vigingi viligoma kuingia mwambani, tukafunga kamba za hema kwenye magurudumu na kuzigandamiza kwa mawe. Usiku wa manane kamba moja ikakatika, hema likainuka upande mmoja, likazunguka. Ndipo wazo la barua hii likanijia.

Sifa zetu ni hizi. Kwanza, kama ilivyoelezwa, tunazunguka. Pili, tunatoa nishati: kitinda mimba wetu peke yake angewasha taa za kata nzima. Tatu, faida yetu hubaki pale pale. Umeme wa Sarima husafiri kilomita 428 hadi Suswa, ukipita juu ya manyatta bila hata hodi. Sisi tulilipia uwanja wa kambi, tukanunua samaki wa wavuvi Waelmolo na kumwachia fundi wa pancha fungu nono. Familia mia zikija, soko litachangamka. Lakini kwa njia ile ya mawe, ni nani atakayewaleta wanawe huku mara ya pili?

Isisemwe pia kwamba mahali penyewe hapana hadhi. UNESCO iliziandikisha hifadhi za ziwa hili kuwa urithi wa dunia mwaka 1997, na mwaka 2018 ikaziingiza katika orodha ya urithi ulio hatarini. Dunia imerithi ziwa. Njia ya kulifikia wamerithi mbuzi.

Tukikubaliwa, hatutaki makuu: tuandikwe mashine, tupewe namba, na tufunguliwe njia kama wenzetu wenye mapanga.

Ombi hili likionekana la mzaha, basi lipo jingine lisilo na mzaha. Malizeni kipande cha barabara kilichobaki hadi Loiyangalani. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali kubwa hupita juu ya mawe hayo hayo, naye hakuja kutalii.

Wako mwaminifu,
Mama Watoto, mlipa kodi