Sifa za Nge wa Madale

Madale kuna nge wa aina mbili. Mwenye mkia hujificha chini ya matofali. Mwingine hukaa kinywani mwa mwenye matofali. Wa kwanza dawa yake kandambili. Wa pili ndiye ninayemsifu leo, maana bila yeye nusu ya mtaa isingekuwa na la kuzungumza.

Msikilize mtu akipita penye ghorofa jipya, barabara ya kwenda Goba: "Ningejua, ningenunua hapa pakiwa bado pori." Papo hapo kanunua! Bila dalali, bila shahidi wa serikali ya mtaa, tena kwa bei ya zamani. Na yale maboma yaliyoishia kwenye lenta? Saruji haiko mbali, kiwanda cha Wazo kiko pale pale, kinazalisha tangu 1966. Lakini nani ameyapaua? Ni nge: "Ningepata bati tu, ningehamia Desemba." Desemba ya mwaka gani, huulizi, ni utovu wa adabu.

Waitaliano nao wana namna yao ya masharti, ila wabahili. "Se avessi saputo, avrei comprato": masharti yamekaa kwenye kununua peke yake, kule kwenye kujua wameweka kitenzi cha namna nyingine. Sisi hatuna ubaguzi huo. Nge huku, nge kule, na hasara pande zote mbili.

Mkutanoni ndiyo usiseme. Mtu husimama akatamka, "Ningependa kumshukuru mwenyekiti," akaketi. Hajashukuru bado, lakini makofi kapata.

Wanasarufi wana kinyongo na nge huyu. Tangu kitabu cha Edward Steere cha mwaka 1870 wanafundisha kwamba -nge- ni ya sasa na -ngali- ni ya yaliyopita. Madale imeikataa -ngali-, na mimi naiunga mkono. Anayesema "ningalinunua" amekiri kwamba kiwanja kimekwenda. Anayesema "ningenunua" hajakata tamaa, hata kama mwenye kiwanja ameshajenga, amezungushia ukuta na anafuga mbwa.

Tofauti hiyo dalali anaijua kuliko mwalimu yeyote. Akisikia -ngali-, bahati mbaya ya nadra sana, anakuaga. Akisikia -nge-, anatoa simu mfukoni: "Bosi, hicho achana nacho. Kuna kingine, Mabwepande."